Mvua Imenyesha, Mmea Una Kiu: Safari ya Maji Udongoni Kutoka Rungwe Hadi Ismani

Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya ekari moja, inakuwa imemwaga hapo lita zaidi ya 80,000 za maji, yaani ndoo zipatazo 4,000 za lita 20. Hakuna kaya Mbarali wala Mufindi inayoweza kuchota maji hayo kisimani na kuyabeba hadi shambani. Wingu linayaleta bure, pengine kwa saa mbili tu. Swali ambalo wakulima wetu hawaulizwi, na wataalamu wetu hawaulizi vya kutosha, ni ndoo ngapi kati ya hizo 4,000 zitakazoufikia mzizi wa mahindi.

Tumezoea kuupima msimu kwa mvua peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, na mkulima anapanga kununua mbegu kwa kusikiliza hilo. Utabiri ni muhimu, sina ugomvi nao. Lakini mmea haunywi mvua. Unakunywa maji yaliyobaki udongoni baada ya mvua kupita, tena si yote. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyonyeshewa na wingu moja yanaweza kuachana ndani ya wiki: hili majani yanajikunja siku ya tano, lile linabaki kijani kwa nusu mwezi. Na sidhani kama kuna barabara nyingine nchini inayoonyesha jambo hili wazi kama ile inayotoka Tukuyu, ikapita Uyole, Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga hadi Iringa mjini, kisha ikashuka kuelekea Ismani. Ndani ya siku moja ya safari unakanyaga udongo wa aina nne au tano, na kila mmoja una tabia yake ya kutunza na kugawa maji.

Tuanze na maji yenyewe. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani, Lyman Briggs, aliyagawa maji ya udongoni katika makundi matatu, na mgawanyo huo bado unafundishwa darasani. Ili kuuelewa, chukua blanketi zito, lile ambalo watu wa Mufindi hawalali bila hilo mwezi Juni, ulifue na kulianika bila kulikamua. Kwanza linachuruza maji. Hayo ni maji ya uvutano: mvua inapokoma yanajaza matundu makubwa ya udongo, kisha yanazama kwa uzito wake hadi chini ya mizizi na kwenda kulisha chemchemi na mito. Baadaye matone yanakoma, lakini ukiligusa blanketi bado ni bichi. Huo ubichi ni maji ya kapilari, yaliyoshikwa kwenye matundu madogo na kuzizunguka chembe za udongo, yasiyoshuka tena kwa uzito wake. Mwishowe blanketi linakauka, mkono hauhisi kitu, ila nyuzi zake bado zimeshika unyevu kidogo uliotoka hewani. Hayo ni maji ya haigroskopia, utando mwembamba mno ulionata kwenye kila chembe. Chukua vumbi la barabarani mwezi Septemba, lipime, liweke kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 za selsiasi siku nzima, kisha lipime tena. Uzito utakuwa umepungua. Maji yalikuwamo ndani ya vumbi lile, ila hakuna mzizi wa zao lolote ambao ungeyapata.

Kwa hiyo mmea unaishi kwa maji ya kapilari, na hata hayo hauyamalizi. Udongo uliolowa sawasawa, ukaachwa siku mbili au tatu maji ya uvutano yashuke, huwa umefika kiwango cha kutosheka. Hapo unayashika maji kwa nguvu ndogo, takriban theluthi moja ya bar. Mmea unavyozidi kunywa, yanayobaki yanashikwa kwa nguvu kubwa zaidi na zaidi, hadi bar 15 hivi, ambapo mzizi unashindwa. Jani linanyauka na halisimami tena hata usiku. Wataalamu wanakiita kikomo cha mnyauko. Maji yaliyo kati ya mipaka hiyo miwili ndiyo maji ya mmea. Yaliyo juu yake yanapita tu, na yaliyo chini yake yamefungwa.

Mwaka 1912 Briggs na mwenzake Homer Shantz walichapisha matokeo ya majaribio yaliyowashangaza wengi. Walikuza mimea ya aina nyingi kwenye vyungu vilivyozibwa, wakangoja inyauke, kisha wakapima maji yaliyobaki. Walichotarajia wengi ni kwamba mimea inayostahimili ukame ingeukamua udongo zaidi ya mingine. Haikuwa hivyo. Katika udongo wa aina moja, mimea tofauti ilinyauka ikiwa imebakiza karibu kiasi kilekile. Tofauti kubwa ilitoka kwa udongo.

Nalitaja jaribio hilo la zamani kwa sababu tunauziwa mbegu zinazostahimili ukame, na wengine wanadhani mbegu hizo zinafyonza maji ambayo nyingine haziwezi kuyagusa. Ustahimilivu wa mbegu hizo unatoka kwingine: kukomaa mapema, kufunga vitundu vya majani jua likiwa kali, kupeleka mizizi mbali zaidi. Mbegu nzuri ni ya kununua. Lakini ukiipanda juu ya udongo uliogandamana, ambako mizizi haipiti sentimita 30, umeinyima kile ilichoumbwa kukitafuta.

Sasa twende barabarani. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni volkano, na majivu yake na ya majirani zake yamefunika Tukuyu, Uporoto na sehemu kubwa ya Mbeya. Sehemu nyingi za Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wa majivu ya volkano ni mweusi, mwepesi mkononi, umejaa matundu ya kila ukubwa. Ndiyo maana mvua kubwa inazama bila kutuama, na bado siku chache baadaye udongo unatoa unyevu ukiufinya. Migomba, chai, kahawa na viazi mviringo vinashibia hapo. Viazi hasa vina bahati, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na haistahimili kiu. Kwenye udongo wa kichanga vingehitaji kunyeshewa kila baada ya siku chache.

Hata hivyo udongo huo una siri mbili. Sehemu ya maji yake mengi imeshikwa kwa nguvu kupita uwezo wa mizizi, hivyo ubichi unaouona haumaanishi kwamba yote ni ya mmea. Ya pili inanitia wasiwasi zaidi: udongo wa majivu ukikaushwa sana na jua, baadhi yake haurudi katika uwezo wake wa awali wa kushika maji hata mvua ikirejea. Anayeacha mteremko wa Uporoto wazi miezi yote ya kiangazi, baada ya kuchoma mabaki ya mazao, anapoteza maji ya mwaka huu na pia nafasi ya kutunzia maji ya miaka ijayo.

Ukishuka kutoka Uyole kuelekea Chimala na Igawa unaingia bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, nchi ya mpunga. Maeneo mengi hapa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua za kwanza zinatumbukia kwenye nyufa, udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji yanasimama juu. Mfinyanzi wa namna hiyo unaweza kuwa na maji robo nzima ya ujazo wake na mmea ukanyauka, maana matundu yake ni madogo mno na yanashikilia. Anayetoka kwenye kichanga cha Chunya akiufinya udongo huu atasema una maji tele, na huku mimea imeshaanza kufa.

Wakulima wa mpunga wameugeuza ukaidi huo kuwa faida. Mpunga ndio zao letu kubwa linalotaka maji ya uvutano yasiondoke, kwa kuwa mabua yake yana njia za ndani zinazopeleka hewa hadi kwenye mizizi. Maharage yakituamiwa na maji siku chache mizizi inakosa hewa na kuoza; mpunga unanenepa. Ndipo yanapotoka majaruba, na ndiyo maana ya kupiga haro shamba likiwa na maji: kuyavunja matundu makubwa ili maji yasizame. Kazi hiyo inaacha chini tabaka gumu ambalo ni rafiki wa mpunga na adui wa zao lolote litakalofuata. Wakulima wa Shinyanga na Mwanza wamejifunza kupanda dengu mvua zinapoishia kwenye udongo wa mbuga, nazo zinakua kwa maji yaliyobaki udongoni bila kungoja mvua nyingine. Kwa bonde linalogombewa maji kama Usangu, ujuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka kwa wiki kadhaa za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na matumizi ya maji ya mashambani huko juu ni sehemu kubwa ya sababu.

Panda tena hadi Mafinga na Mufindi. Udongo unakuwa mwekundu, wa kina kirefu, uliozeeka kwa mvua za miaka mingi mno. Kwa jina ni mfinyanzi, lakini haufanani na wa Usangu. Chembe zake zimeshikana kuwa vidonge vidogo vigumu. Maji ya mvua yanapita kati ya vidonge haraka kama kwenye mchanga, na yanayobaki ndani yake yamebanwa. Kila mita ya udongo huo inampa mmea maji ya wastani tu. Halafu unakuja ukame wa miezi sita hivi, kuanzia Mei. Chai inaishije?

Jibu lilitafutwa hapohapo Mufindi, kwenye shamba la Ngwazi, ambako tangu miaka ya 1960 watafiti walichunguza umwagiliaji wa chai, mashuhuri kati yao Mike Carr wa Uingereza. Ngwazi ikawa baadaye makao ya Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 na timu iliyokuwa na wataalamu wa Tanzania na Uingereza yalilinganisha chai iliyokomaa na chai changa ya aina ileile. Chai changa ilianza kupoteza mavuno mapema zaidi ukame ulipozidi. Ile iliyokomaa ilivumilia upungufu mkubwa zaidi wa maji, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa imekwenda chini mita kadhaa na kuyafikia maji ambayo mche mdogo haukuyagusa. Aina ni ileile na udongo ni uleule. Tofauti kubwa ilikuwa kina cha mizizi.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa na maana kwa mtu wa jembe. Mahindi yanapotoa mbelewele yanaweza kutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku. Udongo tifutifu mzuri unaweza kutunza milimita 170 za maji ya mmea katika kila mita ya kina, na nusu ya kwanza ndiyo inayonyweka kwa urahisi: milimita 85, siku 17 bila mvua. Udongo wa kichanga, kama ulio sehemu nyingi za Chunya, unatunza karibu milimita 60 kwa mita. Nusu yake ni 30, siku sita. Sasa chukua kichanga hichohicho kikiwa na tabaka gumu kwenye kina cha sentimita 30, lililogandamizwa na plau ya ng'ombe inayopita kina kilekile kila mwaka. Maji ya mmea yanabaki milimita 18, yanayonyweka kwa urahisi 9. Siku mbili! Mvua haikubadilika hata tone, ila mkulima atasema mwaka huu mvua imemsaliti.

Ismani inanijia akilini kila ninapoifanya hesabu hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 nyanda hizo za kaskazini mwa Iringa mjini zilikuwa miongoni mwa maghala makubwa ya mahindi nchini. Vichaka vilifyekwa, matrekta yakaingia, watu wakatajirika. Wengi wanaikumbuka Ismani kwa tukio la Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipopigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi katika mvutano wa vijiji vya ujamaa. Historia ya ardhi imeandikwa sana. Ya udongo wenyewe imeandikwa kidogo. Ukanda ule ni wa mvua haba, na mahindi yalilimwa juu ya mahindi mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu. Udongo unaolimwa hivyo unapoteza mboji, vidonge vyake vinasagika, matone ya mvua yanaupiga na kuuwekea utando juu. Maji yaliyopaswa kuzama yanakimbia kuelekea korongoni. Milimita 20 zinanyesha, pengine nusu tu inaingia.

Niseme jambo kuhusu mboji na samadi, kwa kuwa siku hizi zinasifiwa kupita kiasi. Kuongeza mboji hakuugeuzi mchanga kuwa udongo wa Rungwe. Nyongeza ya maji ya mmea inayotokana nayo ni ya wastani, ikionekana zaidi kwenye kichanga kuliko kwenye mfinyanzi. Faida kubwa ya mboji na matandazo ni mlangoni: maji yanaingia badala ya kukimbia, na yaliyoingia hayafyonzwi na jua kabla mzizi haujayafikia. Kwa Ismani hilo peke yake linaweza kutenganisha gunia na debe.

Kuna elimu nyingine ya maji ya udongo ambayo Iringa na Njombe wanayo tangu zamani, nayo ni vinyungu. Mvua zikishaisha na mashamba ya mlimani yamekauka, wakulima wanashuka mabondeni, wanafyeka na kupindua majani, wanainua matuta, kisha wanapanda mahindi, maharage, viazi na mboga. Maji yako kina kifupi chini ya tuta, nayo yanapanda yenyewe kupitia matundu madogo ya udongo. Kwenye mchanga hayapandi mbali. Kwenye udongo wenye chembe laini yanaweza kupanda mita moja au zaidi, ingawa polepole. Tuta linautoa mzizi kwenye maji ya uvutano yanayoukosesha hewa na kuuweka palepale yanapofika maji ya kapilari. Waliobuni hilo hawakuwahi kumsikia Briggs. Mahindi mabichi ya vinyungu yamewavusha wengi katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno ya masika.

Ila vinyungu vina kesi ya kujibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na mabonde mengi ya vinyungu ni vyanzo vya mito inayolisha Ruaha Mdogo na mingine. Wakulima wamekuwa wakiondolewa, wakirudi, wakiondolewa tena. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeacha kutazama maji yenyewe. Tuta linalokunywa kwa kapilari linatumia kiasi kidogo kinachojulikana. Mfereji mrefu uliochimbwa kukausha bonde zima ni jambo jingine: unayatoa kwa haraka maji ya uvutano ambayo bonde lingeyaachia mto taratibu hadi Oktoba. Na milingoti iliyopandwa bondeni inakunywa mwaka mzima kwa mizizi ambayo hakuna tuta la maharage linaloweza kushindana nayo. Sheria ibaki na iheshimiwe. Lakini halmashauri zinaweza kutunga sheria ndogo, nje ya zile mita 60, zinazotaja kina cha mfereji na aina ya mmea, badala ya kuliita kila tuta uharibifu.

Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo, leo kikiwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichotupatia maharage ya Uyole 96 na Njano Uyole na mahindi ya UH 6303. Kazi yake imelisha nchi. Aprili 2022, Dodoma, Serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani na vifaa vya kupimia afya ya udongo, na mwaka huohuo mpango mpya wa ruzuku ya mbolea ukaanza. Ni hatua za kupongezwa. Lakini kipimo cha tindikali na virutubisho hakimwambii mkulima udongo wake unatunza maji ya siku ngapi, na mbolea haiingii mmeani bila maji ya kuiyeyusha na kuibeba. Mkulima aliyenunua mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia, akaiweka juu ya tabaka gumu la sentimita 30, ukame wa wiki moja unatosha kumpotezea fedha yake.

Kipimo kinachokosekana hakihitaji umeme. Ni shimo. Chimba kina cha mita moja katikati ya shamba siku tatu baada ya mvua kubwa, na utazame ukuta wake. Angalia mizizi ya mwaka jana iliishia wapi. Ikiwa imekunja kona na kwenda ubavuni, hapo ndipo lilipo tabaka gumu. Lipasuliwe kwa jembe la mkono penye mashimo ya mbegu, au kwa plau ya kupasua chini kama ipo kijijini. Finya udongo wa kila kina mkononi: usiofanya tonge ni mchanga na unataka mvua za karibu karibu au mazao ya mizizi mirefu, unaofanya tonge likakatika ukilibonyeza ni tifutifu, unaovutika utepe mrefu kati ya vidole ni mfinyanzi, na ukubali kwamba ubichi wake si wote wa mmea. Tazama pia maji yameingia hadi wapi. Ikiwa mvua ya milimita 40 imelowesha sentimita 15 tu, maji mengi yamekimbia, na kazi ya kwanza ni matandazo na makinga maji, kabla ya kuongeza hata mfuko mmoja wa mbolea.

Mvua za msimu Mbeya na Iringa huanza kushika Novemba na Desemba. Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri za mikoa hii miwili wamtake kila ofisa ugani achimbe na wakulima wake angalau shimo moja kwa kila kitongoji msimu huu, na ayaandike aliyoyaona kwenye daftari moja na milimita za mvua. Nawe mkulima unayesoma makala haya usimngoje: jembe unalo, na shimo la mita moja ni kazi ya asubuhi moja.